Vidole Viwili Juu ya Mshipa

Katika miaka thelathini na moja ya kupaka rangi nyumba za watu, Mama Brashi hakuwahi kushuka ngazi kwa sababu ya kuchoka. Alishuka kwa sababu ndoo imekwisha, au kwa sababu mwenye nyumba amegeuka na sasa anataka kijani badala ya krimu, au kwa sababu ni saa ya kula. Kwa hiyo siku alipopanda ghorofa tatu za jengo moja la ofisi, ndoo mkononi, akajikuta ameketi kwenye ngazi huku moyo ukimdunda mpaka masikioni, alikasirika kuliko alivyoogopa. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Aliona ni mapema mno mwili kuanza kumfanyia jeuri.

Kesho yake alikwenda kituo cha afya. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alimsikiliza kifua, akampima presha, akamlaza kitandani na kumbandika nyaya za kipimo cha umeme wa moyo. Kisha akavua miwani.

"Mama, moyo wako ni mzima. Presha nayo imetulia, dawa inafanya kazi yake. Ila mwili wako umezoea kusimama, haujazoea kwenda."

"Mimi niko juu ya ngazi tangu asubuhi mpaka jioni."

"Ndiyo maana una mabega ya mbeba mizigo. Lakini moyo haujapata habari za mabega. Tembea, mama. Nusu saa, siku tano kwa wiki, uanze polepole."

Akiwa anatoka, Mama Brashi aliona kibao kimebandikwa ukutani kwenye kijia cha kusubiria. Kilikuwa na safu mbili: umri upande huu, mapigo ya moyo upande ule. Toa umri wako katika mia mbili na ishirini, kilisema, upate kikomo cha moyo wako. Kwa mazoezi ya wastani, shika kati ya nusu ya kikomo hicho na asilimia sabini. Mama Brashi alikuwa mtu wa vibao. Maisha yake yote alisoma mgongo wa makopo: maji kiasi hiki, rangi kiasi hiki, subiri kwa saa nne kabla ya kupaka mkono wa pili. Alitoa penseli nyuma ya sikio, akapiga hesabu kwenye kiganja. Themanini na mbili mpaka mia moja na kumi na nne. Akachagua mia moja na kumi na nne, maana katika maisha yake hakuwahi kununua rangi iliyozimuliwa.

Mwenzake wa kutembea alimpata bila kumtafuta. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa karani wa posta kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mtaa mzima ulimwita Stempu. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mjane, mwembamba kama barua isiyo na kitu ndani, na alikuwa na maoni juu ya kila jambo, hasa juu ya mke wa mdogo wake. Hawa wawili walikuwa wametaniana kwa miaka thelathini, na katika utani huo mlikuwa na pilipili kidogo.

"Nimesikia umekaa kwenye ngazi za watu kama mzigo uliokosa mwenyewe," Stempu alisema, akijikaribisha sebuleni.

"Nani kakwambia?"

"Mumeo. Mdogo wangu hajawahi kunificha kitu tangu anatambaa. Basi kesho asubuhi nakuja tutembee. Mimi nina hii." Akanyoosha mkono. Binti yake alikuwa amemletea saa ya kisasa, nyeusi, yenye taa ya kijani upande wa chini. "Inahesabu mapigo yenyewe. Wewe utahesabu kwa nini?"

"Kwa vidole."

"Vidole vyenye rangi," Stempu alisema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Walitembea katika uwanja wa shule ya jirani, jua likichomoza, kabla ya wanafunzi kuingia. Mlinzi aliwafungulia geti dogo, nao wakazunguka kufuata mstari wa chokaa uliokwisha kufifia, wakipita nyuma ya magoli yasiyo na nyavu na kando ya ukuta ambao Mama Brashi hakuweza kuupita bila kunung'unika, kwa kuwa aliyeupaka aliruka hatua ya kupiga msasa. Kila baada ya mzunguko mmoja walisimama. Stempu alitazama saa yake. Mama Brashi aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba, akahesabu kwa nusu dakika na kuzidisha mara mbili.

"Mia moja na kumi na mbili," Stempu alitangaza, kama mtu anayesoma jina la mshindi.

"Themanini na nane."

"Themanini na nane ni ya mtu aliyelala, wifi."

Ikawa hivyo siku zote. Stempu mia moja na kumi, mia moja na kumi na tano. Mama Brashi themanini na nane, tisini, na siku moja ya bahati tisini na mbili. Wala hakuwa anategea. Jasho lilimtoka, pumzi ilikuwa fupi, na sentensi zake zilikatika katikati. Lakini nambari haikutaka kupanda. Jambo hilo lilimkera. Kibao kilisema mia moja na kumi na nne, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu.

Alhamisi ya wiki ya pili aliamua kumaliza ubishi. Mzunguko wa tatu hakutembea, alikimbia. Alimpita Stempu, akapita magoli, akapita ule ukuta mbaya bila kuutazama. Alipofika kwenye kona ya mwisho uwanja ulianza kujaa vidoti vyeupe, kama vile mtu anakung'uta brashi mbele ya macho yake. Akawa na akili ya kutosimama ghafla. Alipunguza mwendo, akatembea hatua kadhaa, kisha akaketi kwenye nyasi na kuinamisha kichwa.

Stempu alifika akihema. "Una nini?"

Mama Brashi alikuwa na vidole kwenye mshipa. "Tisini na sita," alisema kwa uchungu.

"Achana na tisini na sita. Umekuwa mweupe kama chaki."

Kizunguzungu kilipita baada ya dakika chache, lakini asubuhi ile ile alirudi kituoni, safari hii akiwa na karatasi ya nambari zake zote. Daktari alikuwa na wagonjwa, kwa hiyo alipokelewa na muuguzi mkuu, mama wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa uzi shingoni. Muuguzi alimpima presha, akasoma karatasi kuanzia juu mpaka chini bila haraka, kisha akauliza swali moja tu.

"Dawa yako ya presha ni ipi?"

Mama Brashi alitoa kikopo kwenye mkoba. Muuguzi aliposoma jina, akatabasamu.

"Sasa nimeelewa. Hii dawa inaukanyagia moyo breki. Ndiyo kazi yake. Inautuliza usiende mbio, hata ukiwa kwenye mlima. Wewe umekuwa ukikanyaga mafuta huku mguu mwingine uko kwenye breki, halafu unalaumu gari."

"Lakini kibao kinasema—"

"Kibao hakijui unameza nini. Kile ni cha mtu ambaye hatumii dawa za namna hii, na hata kwake ni makisio tu. Na usije ukaacha dawa ili upate nambari nzuri. Ukifanya hivyo nitakufuata mpaka juu ya ngazi yako."

Mama Brashi alichukua kikopo chake, akakirudisha mkobani. Haikuwa kawaida yake kukosea kipimo. "Basi nitajuaje kama natembea sawasawa?"

"Kwa mdomo. Ukitembea, uweze kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika. Lakini ukijaribu kuimba, ushindwe. Hapo ndipo penyewe. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kusema, punguza. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha kabisa na uje hapa."

Kisha akamshika mkono na kumfundisha kama anavyofundisha wauguzi wanafunzi. Tumia kidole cha shahada na cha kati, kamwe si gumba, maana gumba lina mapigo yake lenyewe na litakudanganya. Usibonyeze sana. Hesabu asubuhi kabla hujatoka kitandani, ujue moyo wako ukipumzika unakwendaje. Ukizoea mazoezi, nambari hiyo itashuka. "Na usihesabu tu," muuguzi alisema. "Sikiliza. Moyo mzima hupiga kama mtu anayetwanga: pigo, nafasi, pigo, nafasi. Ukikuta nafasi zimevurugika, usihesabu nusu dakika. Hesabu dakika nzima, kisha rudia."

Mama Brashi alirudi nyumbani akiwa ametulia. Kesho yake alihesabu akiwa bado kitandani, kisha akachukua penseli, akaenda stoo anakojaribia rangi, na kwenye ukuta wenye viraka vya kila namna akaandika nambari yake ya kwanza ya asubuhi: sitini na nane. Tangu siku hiyo hakushindana na saa ya mtu. Alitembea akizungumza, na kwa kuwa Stempu ndiye aliyekuwa pembeni yake, mazungumzo hayakukosekana. Walibishana juu ya bei ya sabuni, juu ya majirani, juu ya nani alimharibu mdogo wa Stempu hata asijue kukunja shati. Kila sentensi iliyofika mwisho salama ilikuwa kipimo. Dakika tano za kwanza walikwenda taratibu ili kuupasha mwili moto, na tano za mwisho taratibu ili kuupoza.

Mwezi ulipokwisha, ukutani paliandikwa sitini na nne. Wa pili, sitini na moja. Siku moja Mama Brashi alijikuta ghorofa ya nne ya jengo lingine, ndoo mkononi, akimwelekeza mtu mahali pa kuweka turubai, na ndipo alipokumbuka kwamba hakupumzika njiani. Hakumwambia mtu yeyote. Alichovya brashi, akaendelea na kazi.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa mazoezi, Jumatatu, Stempu alipofika uwanjani akiwa mchovu kabla hawajaanza. Alisema hakulala vizuri. Walipomaliza mzunguko wa kwanza, alisimama na kuitikisa saa yake.

"Saa imeingia maji hii. Inasema tisini na sita. Sasa inasema mia moja arobaini na moja. Tazama, themanini na tisa. Nimemwambia yule mtoto vitu vya namna hii havidumu."

"Lete mkono."

"Wa nini? Saa ndiyo mbovu."

"Wifi, lete mkono."

Stempu alimpa. Mama Brashi aliweka vidole viwili juu ya mshipa, akatazama saa yake mwenyewe ya mishale, na kabla sekunde kumi hazijapita alijua. Hapakuwa na kutwanga pale. Mapigo mawili yalikuja yamefuatana mbiombio, kisha kimya, kisha moja dogo, kisha matatu makubwa, kisha kimya tena, kama mlevi anayepanda ngazi gizani. Alihesabu dakika nzima. Hakuinua uso. Akahesabu dakika nyingine.

"Unanitisha na ukimya wako," Stempu alisema.

"Saa yako ni nzima. Kaa chini hapa kwenye ukingo. Kifua kinauma?"

"Hakiumi. Kinapapatika tu, kama kuku amefungwa humo ndani. Tangu jana."

"Tangu jana, na hukusema."

"Nilidhani ni chai. Nilizidisha majani."

Mama Brashi alikumbuka bango jingine la kile kijia cha kusubiria, la dalili za kiharusi. "Tabasamu," alisema.

"Nitabasamu nini sasa?"

"Nionyeshe meno tu. Vizuri. Inua mikono yote miwili. Ishikilie hapo. Sema jina la mtaa wako." Stempu alifanya yote, akinung'unika kwa sauti iliyonyooka, na uso wake ulikuwa sawa pande zote mbili. Mama Brashi alipumua. "Leo hatuzunguki. Tunakwenda kituoni."

"Nikalale kidogo kwanza. Mambo mengine ukiyafuata ndiyo yanakua."

"Utalala kitanda cha kituoni. Simama polepole, unishikilie."

Gari lake la kazi lilikuwa nje ya geti, pikapu yenye harufu ya tapentaini. Alimketisha Stempu mbele, akaondoa rola miguuni pake, akaendesha bila papara. Mikono yake ilikuwa imetulia kwenye usukani. Ndani alikuwa na hofu, asingekataa, lakini ilikuwa hofu yenye kazi ya kufanya, na hofu ya namna hiyo haimfungi mtu miguu. Njiani alimfanya Stempu aendelee kuzungumza. Stempu alieleza kwa kirefu jinsi ya kupika maharage yasichachuke, na kila neno lilitoka wazi.

Pale mapokezi kijana mmoja aliwaambia wachukue namba na wakae. Mama Brashi hakupandisha sauti.

"Mgonjwa ana miaka sitini na miwili. Moyo unapapatika tangu jana. Mapigo yake ni mia moja na thelathini na nne kwa dakika, na hayana mpangilio. Nimehesabu dakika nzima, mara mbili. Mwite muuguzi mkuu."

Kijana alimtazama, akatazama suruali yake yenye madoa ya rangi, kisha akainuka na kwenda kuita. Muuguzi mkuu alitoka, akashika mkono wa Stempu, akasikiliza kwa muda mfupi. "Mia na thelathini na ngapi umesema?"

"Na nne."

"Ingieni."

Kipimo cha umeme wa moyo kilitoa karatasi ndefu yenye milima iliyopangwa ovyo. Daktari aliwaeleza wote wawili, maana Stempu alikataa kuelezwa peke yake. Vyumba vya juu vya moyo, alisema, vilikuwa vinatetemeka badala ya kupiga. Vikitetemeka damu hutuama, na damu iliyotuama huweza kuganda, na bonge likiondoka hapo huweza kwenda ubongoni. "Huo ndio kiharusi. Wagonjwa wengi wa namna hii tunakutana nao wakiwa wamekwisha kupooza upande mmoja. Wewe umekuja kwa miguu yako. Tutakupeleka hospitali kubwa leo, watakuanzishia dawa ya kuituliza kasi na dawa ya kuzuia damu isigande."

Stempu alitazama dari, kisha akamtazama Mama Brashi. Mama Brashi alikunja fulana ya mazoezi ya wifi yake, akaitia mkobani, akasema, "Nitampigia mwanao. Na nitalisha paka wako, ingawa ananichukia."

Stempu alilazwa siku nne. Siku ya pili mdogo wake alikwenda kumtazama, akamkuta ameketi kitandani anawapangia wagonjwa wenzake zamu ya kukaa dirishani. Mdogo huyo, mumewe Mama Brashi, alikuwa mtu wa maneno machache, mwalimu wa useremala, na aliporudi nyumbani jioni alisimama mlangoni mwa jikoni muda mrefu bila kuvua viatu.

"Dada kanituma," alisema hatimaye.

"Anataka nini?"

"Hataki kitu. Kasema nikwambie kwamba nilioa vizuri."

Mama Brashi aliendelea kumenya viazi. "Kachelewa kidogo kugundua."

"Ndivyo na mimi nilivyomwambia."

Walicheka wote wawili, na Mama Brashi akalazimika kufuta macho kwa mkono wa gauni, akasingizia vitunguu ambavyo havikuwepo.

Wiki sita zilipita kabla daktari hajamruhusu Stempu kurudi uwanjani, naye alifika siku hiyo ya kwanza amevaa viatu vipya na saa yake. Mama Brashi alimsimamisha kwenye ukingo wa uwanja. Alimwambia kwamba sasa wote wawili moyo wao una breki, kwa hiyo saa ni ya kuchungulia tu, si ya kutawala. Stempu alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo lenyewe lilikuwa jipya. Kisha akavua saa, akaitia mfukoni, akanyoosha vidole viwili.

"Nionyeshe unavyoshika."

Mama Brashi alimsogezea vidole mahali pake, juu ya mshipa wa mkono wake Stempu mwenyewe. Ilichukua muda. Mara ya kwanza hakupata kitu, mara ya pili alibonyeza mno. Mara ya tatu uso wake ulibadilika, akatulia kabisa, kama mtu aliyesikia hodi.

"Huyu hapa," alisema.

"Anakwendaje?"

Stempu alihesabu akiwa amefumba macho, midomo ikitikisika. "Sabini na mbili. Amenyooka."

"Basi twende. Mzunguko mmoja wa taratibu, halafu tutaona."

Wakaanza kutembea. Stempu alikuwa ameweka akiba ya maneno ya wiki sita, na kabla hawajafika kwenye magoli alikwisha kuanza habari ya mgonjwa wa wodi ya jirani na wake zake wawili waliokuja kumtazama kwa wakati mmoja.